Mtoto kagonga kichwa: siti skani ni lini, na we ujibu nini ukifika kasualti

Mi ni kliniko ofisa (mtaalamu wa tiba asiye daktari kamili), nafanya kasualti huku upande wa Busia, Uganda, na kwa sababu ya koti jeupe kila mtu ananiita daktari au musawo, sawa tu. Swali naloulizwa kila wiki bila kukosa ni hili: "Musawo, si umpige tu skani tujue?" Mama kashuka kwenye boda mbio, mtoto mgongoni, paji la uso limetoa nundu kama yai la bata, na mtoto mwenyewe anatafuna mandazi hana habari. Nikisema hapa skani haihitajiki mama anaona nimemnyima mwanae kitu, nikisema inahitajika baba anauliza bei ngapi na kama ubongo umepasuka. Basi acha niandike mara moja tunaamuaje, manake ukijua tunatafuta nini utatusaidia, na nusu ya uamuzi huwa inatoka mdomoni kwako we mzazi kabla mashine haijawashwa.

Kabla hujatoka nyumbani

Kama mtoto haamki, anapata degedege, anapumua vibaya, au upande mmoja wa mwili umelegea, hapo hakuna mjadala, tafuta gari uende. Mlaze ubavu asipaliwe na matapishi, mtu mmoja ashike kichwa na shingo viende pamoja, na tafadhali usimbane kwenye boda katikati ya watu wawili kama gunia la mihogo. Damu ya kichwani inatisha kuliko ilivyo, ngozi ya kichwa inamwaga sana hata kidonda kikiwa kidogo, we weka kitambaa safi ubonyeze, ila ukihisi mfupa umezama chini ya kidole acha kubonyeza, funika tu kwa upole. Nundu usiisugue na kijiko wala usiikande na maji moto, kitambaa cha maji baridi kinatosha.

Alafu angalia saa. Hii naomba sana. Watu wanakuja wananiambia "ameanguka jioni", na jioni yetu inaanza saa kumi inaisha saa mbili usiku, mi nitahesabu kutoka wapi? Mtoto aliyeanguka saa sita zilizopita na bado anacheza ni tofauti kabisa na aliyeanguka dakika ishirini zilizopita na anacheza. Kama huna karatasi andika kwenye kiganja chako na kalamu: ameanguka saa ngapi, ametapika saa ngapi na saa ngapi.

Skani inaona nini, na inachukua nini

Siti skani ni eksirei inayozunguka kichwa, kompyuta inaunganisha picha unaona ndani kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Inaonyesha damu iliyovuja ndani na fuvu lililopasuka. Haitibu kitu. Na ule mtikisiko wa ubongo wa kawaida, ule wa kuumwa kichwa na kizunguzungu siku kadhaa, hauonekani humo, kwa hiyo skani safi haimaanishi mtoto hana kitu.

Gharama ya kwanza watu wanaijua, ni pesa. Ya pili ni mionzi. Skani moja ya kichwa inabeba mionzi kama ya eksirei mia moja za kifua, kutegemea mashine na ilivyopangwa, na ubongo wa mtoto bado unakua na ana miaka mingi mbele ya saratani kujitokeza. Kuna utafiti wa Uingereza wa 2012 uliofuatilia watu zaidi ya laki moja na nusu waliopigwa skani wakiwa wadogo, wakakadiria kwamba kwa watoto wa chini ya miaka 10, kila skani za kichwa 10,000 zinaongeza kama mgonjwa mmoja wa saratani ya damu na mmoja wa uvimbe wa ubongo ndani ya miaka kumi. Ni hatari ndogo, sikutishi, na mtoto anayehitaji skani apigwe bila kuwaza mara mbili. Lakini ni hatari, ishike hapo kichwani, tutailinganisha na nyingine sasa hivi.

Gharama ya tatu hakuna anayeitaja. Mtoto wa mwaka na nusu hatulii kwenye ile meza. Inabidi saa zingine apewe dawa ya usingizi, nayo dawa ina hatari zake kwenye kupumua, na akishalala kwa dawa mi nimepoteza kipimo changu kizuri kuliko vyote, yaani kumwangalia akiwa macho.

Na eksirei ya kawaida ya fuvu, ile ya bei nafuu? Haionyeshi ubongo. Inaeza kuonyesha ufa kwenye mfupa lakini damu iliyo ndani haiioni, kwa hiyo mtu akikuambia "tupige eksirei ya kichwa tuone ubongo" jua hapo hela inaenda bure.

Tunahesabu nini

Kwanza fahamu. Tuna mizani ya alama 15: kufungua macho alama 4, kuongea 5, kusogeza mikono na miguu 6. Mtoto mchanga haongei, basi tunaangalia kilio chake na anavyokutazama. Akipata 13 kushuka chini hatukai kuulizana, anahitaji skani na anahitaji hospitali kubwa. Utata wote uko kwa wale wa 14 na 15, na ndio wengi.

Kwa hao kuna kanuni inaitwa PECARN, ilitoka 2009, walichunguza watoto zaidi ya 42,000 kwenye hospitali 25 za Amerika ya Kaskazini, wakatazama nani kati yao kweli aliumia ubongo kiasi cha kufa, kupasuliwa, kuwekewa mashine ya kupumua au kulazwa siku mbili na zaidi. Walikuwa chini ya mmoja kwa mia. Sasa wakarudi nyuma wakauliza, hao walioumia walikuwa na dalili gani pale mlangoni? Kanada wana kanuni yao CATCH, Waingereza wana CHALICE, na mwaka 2017 Australia na New Zealand walizishindanisha zote tatu kwa watoto kama 20,000, PECARN ndio iliyoacha walioumia wachache zaidi kupita bila kugunduliwa. Mi natumia hiyo.

Imegawa watoto kwa miaka miwili, chini na juu, kwa sababu mtoto mdogo hawezi kukuambia kichwa kinauma.

Kundi la juu kabisa, skani moja kwa moja: alama 14, au fahamu imebadilika, yaani amesinzia ovyo, amechanganyikiwa, anauliza swali lilelile mara tano, anajibu polepole. Kwa mdogo wa chini ya miaka miwili ongeza ufa au shimo unaloligusa kwenye fuvu. Kwa mkubwa ongeza dalili za fuvu kuvunjika chini kwenye kitako chake: macho yote mawili yamezungukwa na weusi, alama ya bluu nyuma ya sikio, damu au maji yasiyo na rangi yanayotoka puani au sikioni. Kwenye kundi hili kama watoto 44 kwa kila 1000 walikuwa wameumia vibaya.

Kundi la chini kabisa hana hata kimoja, si hivyo vya juu wala vya katikati ntavyotaja hapa chini. Hatari yake ni chini ya 1 kwa 5,000 kwa wadogo na chini ya 1 kwa 2,000 kwa wakubwa. Sasa rudisha ile hesabu ya mionzi, na utaona kwa mtoto wa hivi skani inaeza kumletea shida karibu sawa na ile inayoitafuta. Huyu wa mandazi na yai la bata yuko hapa. Ndio, hata nundu iwe kubwa namna gani, ikiwa ni ya paji la uso na mengine yote ni sawa. Mfupa wa paji ni mgumu na ngozi ya hapo inavimba haraka.

Kundi la katikati ndio linatuweka kasualti mpaka usiku. Kwa mdogo: nundu iliyo kisogoni, kando au utosini, kuzimia sekunde tano na zaidi, kuanguka vibaya, au mzazi kusema hayuko kawaida yake. Hiyo ya mwisho nataka uisome tena. Mama kusema "huyu simjui leo, mtoto wangu hayuko hivi" ni kipimo kilichoandikwa kwenye kanuni, kwa hiyo usiogope kusema na usikubali nesi akuambie unadeka. Kwa mkubwa: kuzimia hata kidogo, kutapika, kichwa kuuma sana, au kuanguka vibaya. Hapa hatari ni kama 9 kwa 1000, na kanuni haikuambii piga wala usipige, inasema angalia au piga, amua.

Kuanguka vibaya ni urefu gani

Kanuni inasema zaidi ya sentimita 90 kwa wa chini ya miaka miwili, na zaidi ya mita moja na nusu kwa mkubwa. Wazungu wanafikiria ngazi. Sisi tuhesabu vya kwetu. Kitanda cha kawaida hakifiki sentimita 90. Lakini mtoto aliyechomoka kwenye leso mgongoni kwa mtu mzima aliyesimama, hapo umeshapita, na watu wanaona ni kitu kidogo kwa sababu "alianguka tu kutoka mgongoni". Kitanda cha juu cha bweni, pima, vingi vinafika mita moja na nusu. Mwembe, hata usipime. Kugongwa na boda akivuka barabara inaingia moja kwa moja, na mtoto aliyerushwa kutoka kwenye boda mi namweka humohumo. Kugongwa kichwani na kitu kizito kwa kasi pia inaingia, na kama unafikiri fenesi haliui basi hujawahi kukaa chini ya mfenesi, fenesi lililoiva likadondoka.

Kwa hiyo ukiulizwa "ameanguka kutoka wapi" usijibu "juu". Simama, onyesha kwa mkono: hapa kifuani kwangu, hapa juu ya kichwa changu. Na sema ameangukia nini, saruji, udongo, majani. Swali lingine linalowachanganya watu: alilia palepale au alinyamaza kwanza? Aliyelia palepale hakuzimia. Kama hukuwepo sema hukuwepo, mlete dada mtu aliyeona, hata kama ni wa miaka minane na anaogopa kuchapwa, na mwambie mbele yangu kwamba hachapwi, utaona maneno yanavyotoka.

Kukaa na kuangalia ni kipimo

Kuna kijana wa miaka sita aliletwa saa tisa mchana, katoka kwenye mwembe nyuma ya shule, kaka yake akaonyesha tawi, linapita kichwa changu kidogo. Alilia palepale, hajatapika, alama 15. Ana kitu kimoja tu, ule urefu. Nikamwambia mama tunakaa, masaa manne mpaka sita kuanzia alipoanguka, nitakuja kila nusu saa mwanzoni. Mama hakufurahi, aliona ni kama kuwekwa foleni. Saa kumi na moja kijana akalala. Mama akaja mbio ananishika mkono, amezimia, amezimia! Nikaenda nikamwita jina, nikamgusa bega. Akafungua macho, akakasirika, akauliza kandambili yake moja iko wapi. Nikaandika 15. Kwanza mtoto aliyelia nusu saa na jua lilikuwa kali, unategemea asilale? Kabla ya saa tatu usiku alikuwa anakula chapati na kugombana na kaka yake juu ya soda, akaenda nyumbani.

Hapo kuna kipimo kimefanyika, tena kizuri, kwa sababu damu inayovuja ndani haikai kimya, ikiongezeka mtoto anaanza kubadilika: anatapika tena na tena, kichwa kinazidi, anakuwa mzito kuamka. Kuna aina moja mbaya ambayo mtoto anazimia, anaamka vizuri anaongea, alafu masaa kadhaa baadaye anazama, na skani ya mapema mno inaeza hata kuipita ikiwa bado ndogo. Dalili ikiongezeka tukiwa tunaangalia, au akiwa na mbili tatu kwa pamoja badala ya moja, au ana chini ya miezi mitatu, mi naacha kuangalia napeleka skani.

Linganisha na huyu wa pili. Miezi kumi, alidondoka mgongoni kwa dada mtu, amekuja anacheka na kuvuta kamba ya kitambulisho changu. Kila mtu alikuwa anataka kurudi nyumbani. Nikapitisha vidole juu ya sikio la kulia, kuna nundu laini, inabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi, ukimtazama tu huioni kwa sababu ya nywele. Nundu ya kando, laini, mtoto mdogo, urefu umepita: vitu viwili. Skani ikaonyesha ufa na damu kidogo chini yake. Alilazwa, hakupasuliwa, akatoka. Ndio maana nakuomba uvumilie daktari akimpapasa mtoto kichwa chote hata akilia, na rasta kama zimebana sana tutaomba zilegezwe.

Pale kanuni haikupangiwa

Mtoto mwenye mpira wa kutoa maji kichwani, wa wale waliotibiwa kichwa kikubwa Mbale au kwingine, hakuhesabiwa kwenye ile kanuni. Mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, vilevile. Selimundu pia sema, hata kama hujaulizwa. Tunawashushia kizingiti, tunapiga skani mapema zaidi.

Malaria nayo inatuchezea sana. Mtoto ametapika mara tatu na ana joto, ameanguka kwa sababu alipata degedege la homa au ametapika kwa sababu ameanguka? Tutamtoboa kidole tupime, usione tumesahau kichwa, tunatafuta kilianza kipi.

Na saa zingine nitauliza swali ambalo litakuudhi: nani alikuwa naye, ilitokeaje, nieleze tena. Mtoto wa miezi miwili hageuki mwenyewe akadondoka kitandani. Tunauliza kila mtu, tajiri na maskini, na asiye na la kuficha anajibu dakika mbili yameisha.

Alafu umbali. Ile kanuni ilitengenezwa mahali ambapo skani iko mwisho wa korido na daktari wa kupasua ubongo yuko jengo hilohilo. Kutoka hapa mpaka Mulago, hospitali kuu ya rufaa kule Kampala, ni karibu kilomita 200 na madaktari wa upasuaji wa ubongo nchini ni wachache. Siku hizi hospitali za rufaa za mikoa zimeanza kupata mashine, imesaidia, lakini mashine saa zingine imelala au mtaalamu yuko zamu ya kesho. Kwa hiyo mtoto wa katikati akija saa kumi na mbili jioni, mvua inakuja na gari ni moja, mi simwangalii mpaka saa sita usiku ndio nianze kutafuta mafuta. Namtuma mapema akaangaliwe pale ambapo mashine ipo. Anaangaliwa vilevile, ila kwenye kitanda cha karibu na mashine. Ukiambiwa hivyo usidhani mtoto kazidiwa, uliza tu "tunaenda kuangaliwa au kupigwa skani?" ujue.

Ukipewa karatasi ya skani

Uliza vitu vitatu bila kuogopa: ni dalili gani imekufanya uamue, tukikaa masaa kadhaa tukimwangalia inakubalika, na mashine imepangwa kwa kiwango cha mionzi cha mtoto? Daktari anayejua kazi yake hakasiriki. Mwanangu mwenyewe, miaka mitano, alijigonga kwenye mlango nikiwa safarini, mama yake akampeleka kliniki moja binafsi, nundu ya paji, hajazimia, hajatapika, anaimba, wakamwandikia skani "kwa usalama" kabla hata ya kumgusa kichwa. Nikapigiwa simu nikasema muulize ni dalili gani. Jibu likawa kimya, alafu "ni utaratibu wetu". Utaratibu wa nani sasa! Wakarudi nyumbani.

Lakini na kinyume chake kipo, wazazi wanaokataa skani ya mtoto mwenye alama 14 kwa sababu anaonekana amechoka tu. Hapo bora ukope kwa jirani, uende.

Usiku wa kwanza nyumbani

Alale. Hii ya kumzuia mtoto asilale mpaka asubuhi ni mateso kwenu wote. Ukiambiwa umwamshe mara moja mbili usiku, mwamshe kweli, aseme jina lako au akusukume kwa hasira, kisha alale tena. Panadol kwa kipimo cha uzito wake ni sawa, aspirini mtoto hapewi, na Brufen mi naiacha siku ya kwanza.

Rudi mbio kama anatapika tena, kichwa kinazidi badala ya kupungua, haamki vizuri, mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, anayumba, degedege, maji puani au sikioni, na kwa mchanga utosi umevimba au analia kilio ambacho hukijui. Usisubiri kuche.

Siku mbili za kwanza apumzike, simu na tivii kidogo tu, alafu arudi taratibu kwenye mambo yake. Shule anaeza kwenda akiwa bado anachoka haraka, mwambie mwalimu asimkimbize. Mpira, kupanda miti na kubebwa kwenye boda bila helmeti visubiri mpaka kichwa kimeacha kuuma kabisa, na hiyo helmeti avae hata baada ya hapo.